Umoja wa Wakristo Kilimanjaro: ni wa msibani tu?

#1 Weruweru_Juu
Wakuu salaam.

Jumamosi nilikuwa Kibosho kumzika baba mkwe wa dada yangu. Sisi ni watu wa Machame, Walutheri tangu babu wa babu. Dada aliolewa ng'ambo ya mto miaka kumi na minne iliyopita, akaingia Ukatoliki, mama akalia wiki nzima, kisha akazaliwa mjukuu na kilio kikaisha.

Kaburi lilichimbwa kihambani, shambani kwa ukoo, pembeni ya migomba, kama kawaida yetu. Padri akaongoza. Mchungaji wetu aliyekuja na msafara wa Machame naye akapewa nafasi aseme neno. Hadi hapo safi kabisa. Kasheshe ikaja kwenye Baba Yetu.

"Jina lako litukuzwe" tulifika wote pamoja. Baada ya hapo upande wa migomba wakasema "ufalme wako ufike", sisi upande wa turubai tukasema "ufalme wako uje". "Utakalo lifanyike" ikagongana na "mapenzi yako yatimizwe". Wao wakaomba mkate, sisi tukaomba riziki. Wao wakasema "utuopoe maovuni, Amina" wakanyamaza. Sisi tukaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako", sauti zinakatika mojamoja kwa aibu, mpaka wakabaki mama yangu na mzee mmoja wa tarumbeta wakimalizia "hata milele". Mtoto wa dada akauliza kwa sauti: "Bibi anaomba nini tena?"

Watu walicheka na jeneza lipo mbele yao.

Sasa nasema hivi, na mnipinge: umoja wa Wakristo huku kwetu ni wa msibani tu. Tukishakula na kunawa, kila mtu anarudi kwenye kengele yake. Na nani hasa alichora huu mpaka, kwamba ukivuka mto umevuka dhehebu?

#2 Dereva_Kiboriloni
Nimeshika siti ya mbele, mtori uletwe hapa hapa.

#3 Mwl_Mstaafu
Kijana, pole na msiba. Mpaka walichora wamisionari, ila mlima ulikuwa umeshagawanyika tayari. Mmisionari Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, akapita. Mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua Kilema mwaka 1890, Mangi Fumba, mtawala wa huko, akawapa mahali. Mwaka 1893 wakaenda Kibosho. Mwaka huo huo wa 1893 Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakafika Machame. Angalia miaka hiyo vizuri: Kibosho na Machame, mwaka mmoja, mto mmoja katikati. Kila misheni ilijenga shule, na ukishasoma shule ya padri unabatizwa na padri. Wajukuu wakaambiwa "sisi ndivyo tulivyo".

#4 Mtoto_wa_Kidia
Shikamoo mwalimu. Umewaruka Waingereza. CMS, misheni ya Kianglikana, walikuwa Moshi kwa Mangi Rindi tangu 1885. Sisi wa Old Moshi tungekuwa Waanglikana leo! Mwaka 1892 Wajerumani walipigana na Mangi Meli, mtoto wa Rindi, wakachapwa na kamanda wao akafa. Basi wakawasingizia wamisionari wa Kiingereza kwamba ndio waliompa Meli silaha. CMS wakafungasha, mwaka uliofuata Leipzig wakaingia mlimani. Kwa hiyo mtu wa Kidia anapojisifu kwamba ni Mlutheri wa damu, ni Mlutheri kwa sababu ya ugomvi wa Wazungu.

#5 Mwl_Mstaafu
Marahaba. Kweli nimewaruka, uzee huo.

#6 Sale_la_Babu
Mnawapa Wazungu sifa kubwa mno. Waliochagua ni mamangi. Kibosho ya Mangi Sina na Machame walikuwa maadui wa kuchomeana nyumba kabla ya msalaba wowote kufika. Mwaka 1891 Wajerumani walimpiga Sina. Unadhani baada ya hapo mtu wa Kibosho angekubali kusali kwenye kanisa lenye makao kwa Mmachame? Machame kachukua huyu, Kibosho kachukua yule. Ni Simba na Yanga, basi. Dini ilikuja ikakuta timu zipo, ikagawa jezi.

#7 Binti_Rombo
#6 hiyo inaeleza Machame na Kibosho. Je, Rombo? Sisi tuko Wakatoliki kuanzia juu mpaka chini na hatukuwa na mangi mmoja wa kutuamulia.

#8 Sale_la_Babu
Rombo mlikuwa mbali, Mlutheri alichoka njiani 😂

#9 Kaloleni_Kwetu
Historia ya shuleni inasema walikaa mezani wakagawana, huku wa Luther, huku wa Papa, kama Berlin walivyogawana Afrika 1884.

#10 Mwl_Mstaafu
Hapana, hili nalisahihisha kwa nguvu. Makubaliano ya kugawana maeneo yalikuwa baina ya misheni za Kiprotestanti zenyewe kwa zenyewe. Wakatoliki hawakuingia. Kati ya Leipzig na Roho Mtakatifu yalikuwa mashindano: ukisikia mwenzako anajenga shule ya udongo kwenye mtaa fulani, nawe unapeleka mwalimu wako kabla mvua haijanyesha. Ndiyo maana leo unakuta vijiji vya katikati vina kanisa mbili zinatazamana, na kengele zake zinapishana dakika tano kila Jumapili.

#11 Mtoto_wa_Kidia
Na kuna sababu nyingine hamjaigusa. Pale kwetu Old Moshi alikaa Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekuwa mlimani kuanzia 1902 hadi 1938 ukiondoa miaka aliyofukuzwa baada ya vita ya kwanza. Huyu mzee alichunguza Uchaga kuliko Wachaga. Akasema kanisa lisimame juu ya vitu vitatu tulivyonavyo tayari: ukoo, ujirani na rika. Kwa nia nzuri kabisa. Lakini matokeo yake ni kwamba usharika ukawa ukoo. Ukihama dhehebu unaonekana umemtupa babu yako, si Luther. Mama yake mleta uzi hakulia kwa sababu ya mafundisho ya Luther ya kuhesabiwa haki kwa imani.

#12 Weruweru_Juu
#11 umenigusa. Mama hajui chochote kuhusu hayo mafundisho. Alisema tu, "Sasa kwenye kaburi langu atasimama upande gani?"

#13 Ndoa_Desemba
Wakuu naomba niingilie kwa shida yangu, inafanana. Mimi ni KKKT, Mwika. Mchumba ni Mkatoliki wa Kirua. Posa imeshapokelewa, mbege imeshanyweka, kamati imeshaundwa. Sasa baba yangu amesikia mahali kwamba mimi Mlutheri lazima nitie sahihi watoto wote wawe Wakatoliki. Amesema akiona hiyo karatasi anairarua na ndafu inarudi zizini. Kweli kuna karatasi?

#14 Kengele_ya_Saa_Kumi_na_Mbili
Ndugu, mimi ni katekista, nimepeleka ndoa mseto nyingi kwa paroko. Baba yako anasimulia mambo ya enzi zake. Zamani wote wawili mlitakiwa kuahidi. Papa Paulo wa Sita alibadilisha mwaka 1970. Sasa anayeahidi ni Mkatoliki peke yake, kwamba atailinda imani yake na atafanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Wewe unaarifiwa tu kwamba mwenzako ameahidi hivyo. Husaini karatasi yoyote ya kuwatoa watoto. Halafu kibali kinatoka kwa askofu, kwa hiyo msisubiri Novemba, nendeni sasa.

#15 Ndoa_Desemba
"Atafanya kila awezalo", na mimi nikifanya kila niwezalo upande wangu?

#16 Kengele_ya_Saa_Kumi_na_Mbili
Hapo ndipo ndoa inapoanza 😂 Sheria haijafika huko.

Na jambo jingine: mkitaka kufungia KKKT inawezekana, askofu wetu anaweza kutoa ruhusa. Ila hakuna kufunga mara mbili, asubuhi kwa padri na mchana kwa mchungaji. Niliwahi kuona familia imepanga hivyo, na kadi zimeshachapishwa.

#17 Mama_Naomi
Mimi niliolewa hivyo, Mlutheri kwa Mkatoliki, miaka ishirini na mbili sasa. Nasema kwa upole kwa #13: shida haikuwa harusi. Harusi ilikuwa nzuri, mchungaji alikaa mbele pembeni ya padri, wakapigwa picha. Shida ni Jumapili ya kawaida. Ya kwanza baada ya fungate tulitoka nyumbani saa moja kasorobo, tukashuka pamoja mpaka njiapanda, yeye kulia, mimi kushoto. Majirani wamesimama wanatuangalia kama tumeachana. Miaka mitatu tuliachana pale njiapanda kila Jumapili. Kisha siku moja mvua kubwa ikanyesha na mwamvuli ulikuwa mmoja. Nikaenda naye. Nikakaa benchi la nyuma. Ulipofika wakati wa Ekaristi kila mtu akainuka, mimi nikabaki na viatu vya watoto na mikoba ya watu wote. Hilo ndilo benchi langu mpaka leo. Kule naitwa "mama wa mikoba".

#18 Dereva_Kiboriloni
Mama Naomi umenitoa machozi na kicheko kwa pamoja. Shikamoo.

#19 Mama_Naomi
Marahaba mwanangu. Mimi mwenyewe huwa nacheka, ila si kila Jumapili.

#20 Mtumishi_Ngarenaro
Bwana Yesu asifiwe. Nawaangalia mnagombania "ufike" na "uje" huku watoto wenu wote wako kwetu walokole huku Arusha mjini. Ibada zetu mbili za Jumapili zimejaa kina Massawe, kina Mushi, kina Kimaro, kina Lyimo. Wengine walikuwa Wakatoliki, wengine Walutheri, na wakishaingia kwenye maji mengi hakuna anayeuliza walitoka ng'ambo gani ya mto. Umoja ndio huo. Mpaka wa mamangi sisi tumeufuta kwa Roho.

#21 Kengele_ya_Saa_Kumi_na_Mbili
Mtumishi, unasema umefuta mpaka na hapo hapo unawabatiza upya. Padri na mchungaji wanatambuana ubatizo. Mlutheri akija kwetu habatizwi tena. Wewe ndiye unayesema ule wa kwanza ulikuwa maji ya kunawa. Huo ni ukuta mpya, mkuu, umeupaka rangi tu.

#22 Mtoto_wa_Kidia
Na kwa nini watu wanakwenda huko? Wanatafuta uponyaji, na kanisa zetu zilikuwa zinawapa ratiba ya michango. Lakini tusisahau Februari 2020, viwanja vya Majengo, Moshi mjini. Watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako. Nilikuwa Pasua usiku ule, nilisikia ving'ora. Asubuhi, kati ya waliokuwa wanatafuta ndugu zao kulikuwa na Walutheri wangapi, Wakatoliki wangapi? Hakuna aliyehesabu. Walikuwa ni watu wetu waliotoka Jumamosi jioni kimyakimya, na Jumapili asubuhi wangekuwa kwenye mabenchi yao ya kawaida.

#23 Mtumishi_Ngarenaro
Poleni kwa lile, lilituumiza wote. Ila usitutie wote kapu moja. Sisi hatuuzi mafuta. Tunafunga, tunaomba, tunasoma Neno.

#24 Sale_la_Babu
Ekumene ya kweli, yaani umoja wa makanisa, niliiona mara moja tu maishani: Samunge, Loliondo, 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Babu Masapila, kikombe cha dawa shilingi mia tano. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na sista amevaa shela, nyuma yangu shehe kutoka Tanga, katikati mimi na kisukari cha mama. Tulilala kwenye gari siku tatu. Tulikula mkate mmoja, mkebe mmoja wa maji. Hakuna aliyeuliza kama kikombe kile ni sakramenti.

#25 Binti_Rombo
Na kisukari cha mama?

#26 Sale_la_Babu
Mama alifariki 2013. Tulimzika na mchungaji na padri wote wawili wapo.

#27 Binti_Rombo
Pole sana kaka. Samahani nimeuliza vibaya.

#28 Nkoaranga_Hewa_Safi
Mimi Mmeru nashangaa mnavyozungumza kama vile Walutheri ni kitu kimoja. Mmesahau kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1990? Walutheri kwa Walutheri, kitabu kimoja cha nyimbo, ubatizo mmoja, wakagombana kuhusu dayosisi mpaka majumba yakachomwa na ndugu wakaacha kusalimiana. Baba yangu na kaka yake hawakuzikana kwa ajili ya hilo. Hapakuwa na Papa pale, wala "ufike" na "uje". Kwa hiyo anayesema tukiunganisha mafundisho amani itakuja, aje Meru kwanza aulize.

Na sisi tuna historia nzito na wamisionari. Wale wawili wa kwanza wa Leipzig waliokuja kwetu waliuawa Akeri 1896. Waliofuata walirudi wakajenga. Naona watu wa mlima wanasimulia kama misheni ilipokelewa kwa mbege.

#29 Mwl_Mstaafu
#28 umesema kweli na ni lazima isemwe. Baada ya Akeri Wajerumani walilipiza kisasi kikali sana kwa Wameru na Waarusha. Hata Meli aliponyongwa Machi 1900 hakunyongwa peke yake, viongozi wa Meru na Arusha walikuwamo. Ukristo wa huku ulipandwa kwenye udongo wenye damu, kisha ukamwagiliwa na walimu Waafrika ambao majina yao hayako kwenye minara. Wajerumani walipofukuzwa baada ya vita ya kwanza nani alibaki anafundisha katekisimo? Walimu wa vijijini.

#30 Mpare_Halisi
Tuseme ukweli basi. Sababu ni sadaka. Kuunganisha kanisa maana yake kuunganisha kapu, na hakuna askofu, paroko wala mzee wa kanisa anayetaka kapu moja. Nimemaliza.

#31 Mama_Naomi
#30 usiseme hivyo juujuu. Njoo kwenye mavuno yetu uone. Mwaka jana watu walileta ndizi, kuku, maziwa, debe la mahindi, ikapigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Mkungu mmoja wa mshare ulipanda bei kupita kiasi. Unajua nani aliununua? Katekista wa Kikatoliki wa kijiji cha pili, kaja na pikipiki yake kusudi. Akaulipia, akaurudisha uuzwe tena. Akasema wiki ijayo na sisi tuna mavuno yetu, mje mlipize. Tukaenda. Kapu mbili lakini fedha inazunguka ile ile.

#32 Dereva_Kiboriloni
Katekista huyo si ndiye #14 kweli? 😂

#33 Kengele_ya_Saa_Kumi_na_Mbili
Sina pikipiki. Ila mshare naupenda.

#34 Sheha_wa_Majengo
Assalaam alaykum. Mimi Muislamu wa Moshi mjini, nasoma tu na chai yangu. Swali: kila Krismasi mnapanda mlimani na magari yamejaa mpaka Himo hakupitiki, mnakula pamoja Walutheri na Wakatoliki, ng'ombe mmoja. Mnagombania nini hasa? Maana ninyi mkikaa mezani hamgombani. Mkienda ile meza nyingine ndipo kila mtu na yake.

#35 Weruweru_Juu
Waalaykum salaam sheha. Umetupiga pale pale.

#36 Msomi_wa_Usa_River
Nimesoma teolojia, niseme kidogo. Mafundisho yenyewe yameshasogea kuliko mnavyodhani. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Shirikisho la Walutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki, lile jambo hasa lililomgombanisha Luther na Roma. Wamethodisti wakaunga mkono 2006. Mwaka 2016 Papa Fransisko alikwenda Lund, Sweden, akasali na Walutheri kuanza kumbukumbu ya miaka 500. Hapa nchini CCT, jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti, na Baraza la Maaskofu Katoliki wana tume ya pamoja ya huduma za jamii tangu 1992, hospitali na shule wanazisemea kwa mdomo mmoja. Lililobaki gumu ni meza ya Bwana, daraja takatifu ya padri na mchungaji, na sasa wachungaji wanawake, ambao KKKT wanao na Roma haiwatambui.

#37 Sale_la_Babu
Kwa hiyo walishaelewana 1999 na hakuna aliyemwambia bibi yangu? Alifariki 2008 bado anawaita Wakatoliki "wale wa sanamu".

#38 Binti_Rombo
Na bibi yangu aliwaita ninyi "wale waliopotea". Sijui huo waraka ulikwama mizani ya Himo.

Hadithi yangu ni ya shule. Sekondari ya bweni, Jumapili ya kwanza kidato cha kwanza. Mwalimu wa zamu akasimama: TYCS (Wakatoliki) darasa la pili, UKWATA (Waprotestanti) ukumbini, CASFETA (Wapentekoste) chini ya mjakaranda, Waislamu darasa la mwisho. Rafiki yangu wa kwanza, tuliyelala kitanda cha juu na chini, alikuwa Mlutheri. Tulitazamana kama tunapelekwa magereza tofauti. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba yeye ni "mwingine". Niliijua siku ile, kwa tangazo.

#39 Mtoto_wa_Kidia
UKWATA yenyewe ilikuwa na Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani wote ndani. Tulifundishwa umoja huko huko tulikotengwa.

#40 Msomi_wa_Usa_River
Nirudi kwenye Baba Yetu ya mleta uzi maana ndiyo tamu. Maneno ya "uje" na "mapenzi yako yatimizwe" mnayatoa kwenye Biblia ya Union ya 1952. Wakatoliki wana tafsiri yao ya sala. Ile Biblia ya Habari Njema ilitafsiriwa kwa pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti, ungedhani ingemaliza ugomvi. Wameandika "ufalme wako ufike", pointi kwa Kibosho. Lakini palipo na mkate au riziki wameandika "chakula chetu tunachohitaji". Sasa mna mkate, riziki na chakula.

Na ule mkia, "kwa kuwa ufalme ni wako", haumo katika Luka, na katika Mathayo nakala za kale zaidi hazina. Wakatoliki hawana kosa kuishia "maovuni".

#41 Kengele_ya_Saa_Kumi_na_Mbili
Nikusahihishe kidogo msomi. Mkia tunao. Katika Misa padri anaingiza sala yake fupi baada ya "maovuni", kisha waamini wote wanaitikia "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele". Kwa hiyo mama wa mleta uzi hakuongeza kitu kigeni. Aliwahi tu. Angesubiri sekunde ishirini, na kama ingekuwa Misa, kanisa zima lingemjibu.

#42 Weruweru_Juu
Katekista! Hili nampigia mama sasa hivi.

#43 Mpare_Halisi
Mimi bado nasema sadaka. Mjomba wangu aliwahi kunyimwa mazishi ya kanisa kwa kuwa hakuwa anahudhuria jumuiya wala kulipa ahadi. Kanisa silitaji. Maiti iko sebuleni, kamati inasoma daftari la michango. Aliyekuja kumzika ni mwinjilisti wa dhehebu jingine, jirani, kavaa kanzu ya kuazima imemfika magotini. Alisali vizuri kuliko wote niliowahi kuwasikia. Mpaka leo familia nzima haijui ijiite nini.

#44 Mtumishi_Ngarenaro
Karibuni Ngarenaro.

#45 Mpare_Halisi
Mtumishi, hata kwako kuna daftari. Nimeshaliona.

#46 Ndoa_Desemba
Mrejesho wakuu. Tumekwenda kwa paroko jana na mchungaji wangu akaja naye, hatukumwomba. Wanafahamiana, kumbe walisoma sekondari moja. Walitumia robo saa wakikumbushana chakula cha bweni. Baba yangu alikuja na miwani ya kusomea, kasoma ile fomu mstari kwa mstari, akamaliza akauliza: "Yangu iko wapi ya kutia sahihi?" Paroko akamwambia hakuna. Akaonekana kama ameonewa.

#47 Mama_Naomi
😂 Alitaka kukataa, wamemnyima hata cha kukataa.

#48 Weruweru_Juu
Nami nimpe mrejesho katekista. Mama amesikiliza kuhusu sekunde ishirini. Akanyamaza. Akasema, "Basi kwenye arobaini nitasubiri. Lakini wakisahau kuitikia, naanza mwenyewe."

#49 Ndoa_Desemba
Swali la mwisho, kamati inauliza. Kwenye sherehe ukumbini, kabla ya chakula, Baba Yetu iongozwe na upande upi? Wazee wa Mwika na wa Kirua wote watakuwa meza kuu.

#50 Dereva_Kiboriloni
Msiseme kitu. Wekeni tarumbeta zipige tu, watu wasimame, waombe moyoni.

#51 Ndoa_Desemba
Mkuu, tarumbeta za Mwika au bendi ya Kirua?